Hodi Kwenye Seva

Jumatatu, 6 Oktoba 2008. Nachingwea

Nimeamka na wazo kubwa. Pokea, maktaba yangu, itapata mlango mpya!

Dorotea, mke wangu, bado anauliza ni maktaba gani isiyo na kitabu hata kimoja. Nimemweleza tena: ni programu ya kutengenezea programu nyingine. Inakaa kwenye seva, inapokea maombi hata mia kwa pamoja, na hakuna ombi linalosubirisha jingine. Akauliza nani anaitumia. Nikataja jina. Akauliza wengine. Nikakumbuka nina madaftari ya kusahihisha.

Mtumiaji ni Octavian, niliyemfundisha fizikia, sasa yuko Ruangwa. Ijumaa anaionyesha kwa kikundi cha wakulima wa Nanganga. Wakiikubali, mkulima ataulizia zamu yake ya kupeleka korosho ghalani bila kushinda langoni siku mbili amekalia magunia. Nami nitapata watumiaji wengi. Historia!

Tatizo ni adabu. Kwa sasa ombi linaingia na kudai: nipe zamu. Hata salamu hakuna! Mwanafunzi akiingia hivyo ofisini kwangu namrudisha nje akaanze upya.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeandika mlango upya. Ombi linatuma hodi. Seva inajibu karibu. Ndipo ombi lieleze shida yake. Nimejaribu kwa maombi mia niliyoyatunga mwenyewe. Yote yamebisha, yote yamekaribishwa. Safi kama paredi!

Dorotea kauliza kama na maji sasa yatabisha hodi kabla ya kuingia ndooni.

Jumatano, 8 Oktoba

Octavian kapiga simu. Kaniamkia mara mbili, kisha kaniomba nisiguse kitu chochote hadi Ijumaa ipite. Nimemwambia aondoe wasiwasi, leo sigusi. Kweli tupu: niligusa jana.

Mpango: nifike mapema, yeye aende kunywa chai, mimi niweke toleo jipya kimyakimya. Litamshangaza.

Ijumaa, 10 Oktoba. Ruangwa

Limemshangaza.

Ukumbi umejaa. Kompyuta nne mezani. Bi Semeni, mwenyekiti wa kikundi, akasema tuanze haraka, saa sita wazee wanakwenda msikitini. Mzee Kaimu akabonyeza wa kwanza. Kimya. Wenzake wakabonyeza. Kimya. Octavian akafyatua maombi mia ya majaribio. Kimya kikuu.

Nikachungulia seva. Maombi mia na nne yamesimama mlangoni, na hakuna hata moja lililobisha hodi. Programu ya Octavian haikuwa na habari na hodi! Lakini seva haikuzidiwa hata kidogo, imeyasubirisha yote kwa pamoja. Nikalitangaza hilo kwa sauti. Octavian hakupiga makofi.

Ikabidi nieleze. Bi Semeni akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, “Mwalimu, karani wa ghala naye ndiyo yake hayo. Umwamkie, umsubiri, umwamkie tena. Sisi tumekimbilia kompyuta kwa kuwa haina makuu. Na wewe umeipa!” Ukumbi ukaangua kicheko. Nikacheka nao, ili kuokoa jahazi.

Octavian akavua flashi aliyoning'iniza shingoni. Toleo la zamani! Kijana ananijua.

Saa sita kasoro kumi Mzee Kaimu akapata zamu: Jumatano, saa mbili asubuhi. Akaniuliza kama kweli halazimiki kufika Jumatatu akashike foleni. Nikamwambia kweli. Akacheka mpaka kofia ikadondoka.

Wamekubali! Sharti moja: niahidi mbele ya Bi Semeni kwamba habari ya hodi imekwisha. Nimeahidi.

Jumapili, 12 Oktoba. Nachingwea

Mimi ni mtu wa ahadi. Hodi nimeifuta yote. Dorotea ameshuhudia, kanipa hongera na chai ya maziwa.

Nikiwa kwenye kikombe cha pili nimegundua jambo. Ombi likishajibiwa linaondoka tu. Bila kuaga!

Kuaga hatukuahidiana.

Nimeshaandika nusu. Seva haitamhudumia mwingine mpaka aliyetangulia aseme kwaheri. Jumatano wakulima wanaanza kupeleka korosho. Nitakuwa Ruangwa saa moja na nusu, na flashi yangu mfukoni. Octavian hunywa chai saa hiyohiyo.

Atashangaa.