Rubani Feliksi na Pipa la Jovita

Alhamisi, 2 Oktoba

Zimebaki siku tano. Mimi, Feliksi, fundi cherehani wa Mwanga hapa Kigoma na rubani kwa kipaji, nitashinda mbio za mwezini mwaka huu. Naandika mapema ili baadaye watu wasiseme nilibahatisha.

Chombo changu, Kishindo, kiko tayari ufukweni Bangwe. Kwa asili ni boti ya dagaa ya marehemu baba mkwe. Nimeifunika kwa bati, nikaifungia injini mbili za kuchoma mawese, nikashona kiti cha rubani kwa masalia ya makochi. Sare pia ni kazi ya mikono yangu: turubai nje, kitenge ndani. Nilipita nayo sokoni leo. Watu walisimama kunitazama!

Tatizo ni mke wangu, Mapendo. Boti ni yake, aliachiwa na baba yake, na ndiyo inayotulisha. Ameniazima kwa mbalamwezi hii tu, kwa kuwa mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa na wavuvi wote wanakaa nyumbani wakitengeneza nyavu. Giza likirudi anaitaka majini, taa zikiwa zimefungwa. Isiporudi, wavuvi wake watahamia kwa tajiri mwingine na yeye atabaki na chanja tupu la kuanikia dagaa. Amelisema hili mara nyingi, mara ya mwisho akiwa ameshika mwiko. Nimemwambia atulie. Mwaka jana vilipotea vyombo viwili tu, na rubani wa kimojawapo, Oswald, alirudi salama kabisa, ukiacha nyusi.

Wapinzani: Marcel wa Ujiji, ambaye ni mdomo tu. Na Jovita, afisa misitu aliyehamishiwa hapa kutoka Bukoba. Huyu alishinda mwaka jana. Anasalimia kila mtu. Ananiita Kaka Feliksi. Ananawa mikono kabla ya kugusa injini! Mtu wa namna hiyo lazima ana jambo anaficha.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mpango wa kwanza. Mzuri sana.

Mchana, Jovita akiwa ofisini na nusu ya ufukwe ikiwa msikitini, niliingia ndani ya chombo chake, Taratibu, na kumwagia nyaya zote maji yaliyochemshiwa dagaa. Hesabu rahisi: paka watanusa, paka watatafuna, nyaya zitakatika. Nikajifutia mikono kwenye suruali na kuondoka nikipiga mluzi.

Sikufikiria suruali.

Paka wa Bangwe wamenifuata mpaka nyumbani. Nikakimbia, wakakimbia. Nikaingia ndani, nao wakabaki uani na chanja la Mapendo, ambako kulikuwa na dagaa wa mwisho wa giza lililopita. Kulikuwa! Mapendo ameniuliza paka wote hawa wametoka wapi. Nimesema pengine ni mwezi.

Jioni Jovita amepita kutusalimia. Eti paka waliobaki kwenye chombo chake wamemmalizia panya waliokuwa wanamsumbua tangu Juni. Amefurahi mno. Amemletea Mapendo ndizi.

Nimezila. Hazikuwa na sukari.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimebadili mbinu. Sheria!

Mawese ya Jovita ni meupe kupita kiasi, yanang'aa kama chai ya rangi. Yangu ni mekundu, mazito, ya kiume. Nimekwenda kwa Mzee Kurwa, mwenyekiti wa kamati ya mbio. Nilimwamkia kwa heshima zote, akaniitikia kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akaendelea kula. Nikatoa malalamiko yangu nikiwa nimesimama. Nikasema mafuta ya mpinzani wangu yana kitu. Nikasema haki itendeke. Nikasema Kigoma nzima inatazama. Ilikuwa hotuba, hata kama waliosikia ni yeye na mbuzi wake.

Mzee ameuliza kama nina ushahidi. Nimesema ushahidi ni rangi. Ametafuna kidogo, akasema kamati italitazama na uamuzi utatolewa Jumatatu mbele ya watu wote.

Ushindi. Lakini kamati ni kamati, huweza kulala na jambo mpaka likaoza. Mtu makini hafungi injini moja.

Jumapili, 5 Oktoba

Leo nimeumwa tumbo ili nisiende kanisani. Jovita anaimba kwenye kwaya, sauti ya pili, na ibada ya leo ilikuwa ndefu kwa sababu ya mavuno. Muda wa kutosha kabisa.

Mapendo hutengeneza sabuni za mawese wakati dagaa hakuna. Anayo ndoo ya kostiki, ile dawa ya kugandishia. Nimemwona akifanya mara mia: mafuta, maji ya kostiki, koroga, subiri, sabuni. Sasa jiulize, pipa la mafuta ya chombo cha anga likitiwa kostiki, halafu injini ikilipasha moto na kulitikisa? Mimi nilijiuliza. Nikajijibu. Nikacheka peke yangu jikoni.

Nimechota kilo nzima, nikaiyeyusha, nikaenda Bangwe nikiwa nimejifunika kanga kichwani kama mgonjwa. Nikaimimina yote ndani ya pipa la Jovita, kisha nikafunga kifuniko na kufuta alama za vidole. Kazi safi! Niliporudi nilijilaza, na Mapendo alinikuta nikiugulia maumivu. Amenipikia uji. Mke mwema, sema tu hajui ameolewa na nani.

Jumatatu, 6 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Kamati imekutana ufukweni. Watu wengi. Mzee Kurwa amesimama, akasema amepokea malalamiko ya Rubani Feliksi, akaanza kunisifu kwa kujali haki. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha akasema wazee wa ziwa walikuwa na dawa ya ugomvi wa namna hii: wavuvi wawili wakituhumiana kuhusu nyavu, wanabadilishana nyavu na kuingia majini. Mwenye kelele anavua kwa wavu anaouonea wivu. Kwa hiyo kesho Feliksi atakwenda mwezini kwa pipa la Jovita, na Jovita kwa pipa la Feliksi.

Watu wakapiga makofi. Mapendo alipiga kwa nguvu kuliko wote. Jovita akanipa mkono, akasema amekubali kwa moyo mmoja, na kwamba mawese yake huwa anayachuja mwenyewe.

Ningesema nini? Nikikataa, wataniuliza sababu. Nikijitoa, Marcel atanitungia nyimbo mpaka Kalemie. Nimesema sina pingamizi. 

Mapipa yamemiminwa kwenye matangi mbele ya kamati. Nimeomba yanayoingia tangi langu niyachuje kwa kitenge, kwa ajili ya usafi. Kitenge kimekamata madonge mawili matatu. Nimeyaficha mfukoni. Mfuko umetoboka.

Baada ya chakula nimefikiri vizuri. Madonge nimeyatoa. Yaliyobaki ni mafuta, labda na kostiki kidogo iliyopotea njia. Injini zangu zina nguvu ya kuchoma chochote. Sioni sababu ya hofu.

Jumanne, 7 Oktoba

Tumeruka! Asubuhi, ziwa limetulia, milima ya Kongo inaonekana mpaka miti. Mapendo alinishika bega kabla sijaingia. Nilidhani ataniambia maneno ya mapenzi. Aliniambia nisiikwaruze.

Kishindo kilipaa vizuri kuliko vyote. Nimewapita juu ya reli, nimewapita juu ya mawingu. Niliona Kigoma yote na Ujiji yake ikitosha chini ya kidole gumba changu. Nikamwambia Jovita kwenye redio kwamba namwachia vumbi. Akanitakia safari njema.

Saa sita. Injini ya kushoto imekohoa. Kawaida.

Saa nane. Zote zinakohoa. Nje ya dirisha kuna povu. Kidogo tu.

Saa tisa. Povu limekuwa jingi. Mapovu makubwa makubwa yanatoka nyuma, yanazunguka, yanarudi na kuganda kwenye kioo. Sioni mwezi. Sioni chochote. Chombo kizima kinanuka dobi.

Marcel amenipita. Amefungua redio makusudi, akauliza kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Ndugu, uko nafula nguo huko?" Nimemjibu ni teknolojia mpya. Nimemsikia akicheka mpaka mawasiliano yakakatika.

Saa kumi. Injini zimezimika. Kimya.

Naandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliogopa. Sikuogopa kufa peke yake. Nilimwona Mapendo amesimama ufukweni, giza limerudi, wenzake wanawasha taa, naye hana boti ya baba yake na hana hata mume wa kugombeza. Nililia ndani ya kofia, na kofia niliyoshona haina pa kufutia machozi. Nikaapa kwamba nikirudi nitakuwa mtu mwingine kabisa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimerudi. Nitaeleza kifupi kwa sababu habari yenyewe haina maana.

Jovita alikuwa mbele ya Marcel, karibu azungukie upande wa pili wa mwezi, aliposikia redio yangu imenyamaza. Akageuza chombo, akarudi! Akaliona wingu la povu, akaingia ndani yake, akanifunga kwa kamba ya nyavu, akanivuta mpaka nyumbani kwa mafuta yangu mwenyewe. Njia nzima ananiuliza kama nina baridi. Nimesema hali ilikuwa chini ya udhibiti wangu. Akasema sawa, Kaka Feliksi.

Tumetua majini mbele ya Bangwe jioni. Mapendo aliingia ziwani na nguo zake zote, akilia, mikono miwili mbele. Akakumbatia boti. Kisha akanikumbatia mimi. Naandika kwa mpangilio ule ule.

Marcel ameshinda. Ufukwe mzima umembeba Jovita, aliyeshindwa! Mimi sikubebwa na mtu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimelala, nimetafakari. Kile kiapo cha juzi nilikitoa nikiwa sina hewa ya kutosha, kwa hiyo hakihesabiki.

Pili, kanuni za mbio zinakataza chombo kimoja kugusa kingine. Jovita alinigusa. Alinifunga kamba! Kama asingenivuta, povu lingekauka na ningeendelea. Nimepeleka rufaa kwa Mzee Kurwa. Amesikiliza mpaka mwisho, kisha ameuliza kama nataka kamati imwamuru Jovita anirudishe pale aliponikuta. Nimesema nitaliacha kwa sasa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku mbaya. Mapendo amebomoa bati, amefungua tangi la mafuta, ametumbukiza mkono na kutoa sabuni. Sabuni nzuri, ngumu, ya daraja la kwanza. Akainusa. Akaenda kuchungulia ndoo yake ya kostiki. Akarudi akanitazama, na wala hakupaza sauti. Heri angepaza.

Amenipeleka kwa Jovita kwa miguu, mchana kweupe, nikiwa nimebeba beseni la miche ya sabuni kichwani. Amemweleza yote, tena akampigia magoti mwanamke mwenzake kwa niaba yangu. Nilitamani ardhi ipasuke.  Jovita akamwinua Mapendo, akasema kama pipa lile lingebaki kwake, yeye huko juu asingekuwa na mtu wa kumvuta. Akapokea sabuni. Kwangu hakusema neno. Hata lile la kaka hakulisema.

Liliniuma. Lakini mtu wa haki angekumbuka kwamba mwishowe aliyekwama ni mimi, si yeye. Hilo hakuna anayelisema.

Jumanne, 14 Oktoba

Sikukuu. Giza limeanza kurudi. Jana boti ya Mapendo iliingia majini, taa zote zikiwaka, wavuvi wake wote wakiwamo. Leo chanja limejaa dagaa wanaometameta, na Mapendo anaimba akiwageuza. Nimefurahi kwa ajili yake, kwa dhati.

Nimekaa naye uani, nikamwambia nimefikiri sana. Nikamwambia kesho nataka kwenda Kidahwe kumsalimia mama yake, ni muda mrefu sijakanyaga kwake, na mwanamke mzee hapaswi kukaa peke yake bila mkwe wa kumtazama. Mapendo ameacha kuimba. Machozi yamemlengalenga. Amesema labda Mungu alinipeleka kule juu ili anifundishe utu, na kwamba alikuwa ameanza kukata tamaa na mimi. Amenikumbatia mimi kwanza, maana boti ilikuwa mbali. Amenipigia pasi shati. Amenifungia dagaa wa kwanza wa giza, kapu zima, nimpelekee mama.

Nyuma ya nyumba ya mama mkwe kuna tangi la maji la bati. Refu, la duara, halina kutu hata kidogo, na upande wa juu limechongoka lenyewe kama lililoletwa duniani kwa kazi ya kupaa. Mvua ndiyo kwanza zinaanza, ni kweli, lakini bibi mmoja anakunywa maji kiasi gani?

Spana nimezificha chini ya dagaa.