Mke Wangu Hataki Nikae

Marangu,
9 Juni 1953

Kwa Shemeji Yoramu, Masama.

Shikamoo, shemeji. Mimi ni mzima, ila miguu, ambayo unajua haifanyi kazi tangu nilipoanguka nikikata matawi ya mti wa kivuli kwenye kahawa. Tangu hapo kazi yangu ni kukaa, na hapa Marangu hakuna anayekaa vizuri kunishinda. Lakini mdogo wako Elinipendo hataki nikae! Sasa amekuja kwako na hasira zake, nami naomba kwa heshima umzuie huko huko mpaka aape kuacha haya:

1. Mganga wa hospitali alimwambia kuwa mtu wa kukaa kutwa asipojiinua mara kwa mara, makalio yatafanya vidonda. Akaamini yote! Kila akimaliza kupalilia kipande cha migomba anatupa jembe, anakuja mbio: "Inuka!" Nijisukume kwa mikono, nining'inie hewani, ndipo nishuke.

2. Kiti changu cha heshima amekitandika ngozi ya kondoo. Kondoo mwenyewe alikuwa wangu, tena wa sikukuu.

3. Kila jioni ananikagua nyuma kwa taa, anatafuta wekundu. Mimi, mzee wa kanisa! Juzi akamwita na jirani, Mama Eunike, aje kuhakikisha. Shemeji, nililia.

4. Hili ndilo lililotufikisha hapa. Wazee walikuja kwangu kuamua maji ya mfongo, mfereji wetu, ambayo Ndelilio ananiibia mchana kweupe. Ndiyo kwanza maneno yamenikolea, mdogo wako akatokea: "Inuka!" Wazee wote wakasimama, wakavua kofia. Ndelilio, mjanja yule, akafumba macho akaomba sala ya kufunga kikao. Amina, wakaenda zao. Mpaka leo maji yanakwenda kwake! Nikamwambia Elinipendo maneno nisiyoweza kukuandikia, naye akafunga mzigo.

Basi asirudi bila kutubu. Mimi nitakaa kwa raha zangu, bila kuguswa na mtu.

Msalimie mama mkwe, watoto, na yeyote atakayeuliza habari zangu, isipokuwa Elinipendo.

Ni mimi shemeji yako niliyeonewa,
Eliezeri

Nyongeza: Mwandiko usikushangaze, naandika nimelala kifudifudi. Tangu aondoke sijajiinua hata mara moja, kwa ubishi tu. Jana nilipapasa nyuma, nikakuta ngozi imechanika. Naogopa sana, shemeji. Mpandishe gari la kwanza, aje na hasira zake zote.