Kiti cha Msindikizaji

Jumatatu, 4 Machi

Ndege ya misheni imekuja kumchukua seremala aliyejikata mguu kwa shoka. Nilimwahi rubani kabla injini haijanyamaza. Nikamwonyesha mguu wa binti yangu, ule uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa. Mwaka mmoja na miezi minne sasa. Muuguzi wetu anasema mjini wanaunyoosha kwa plasta, ila mifupa ikishakomaa itabaki kisu tu. Rubani akamtekenya mtoto, akanieleza taratibu: kwanza mgonjwa wa dharura, kisha msindikizaji wake mmoja, kisha wengine kama uzito umebaki. Leo zimebaki kilo kumi na moja. Mtoto ana tisa. Mimi hamsini na nane. Akasema pole sana, mama. Pole! Kwa miguu ni siku sita na mito mitatu. Hiyo pole nayo nibebe mgongoni?

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Kwa nini ningoje uzito ubaki? Niwe msindikizaji. Mtoto wa kupakatwa hahesabiwi kiti. Jirani yetu ana mimba ya kwanza, miezi minane na nusu, nyonga nyembamba kama za kuku. Muuguzi ameshasema huyu hajifungulii hapa. Nimempelekea uji. Nimemsuka. Nimemchotea maji ndoo mbili, mtoto mgongoni. Akaniita dada. Roho ikanisuta kidogo, kisha ikaacha.

Kikwazo ni shangazi yake, mwili kama kabati. Ndiye msindikizaji. Ameshafunga mzigo tangu wiki jana, anauonyesha kila anayepita. Mama mkwe naye anauliza kwa nini uji wa nyumbani umekuwa mwepesi.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimemsaidia shangazi kupukuchua mahindi. Nikamwuliza, kwa upole tu, kama amewahi kumwona mpiga kasia akiinamisha kichwa na kusali kwa sauti kabla ya kuvuka mto. Hajawahi. Nikamwuliza basi mbona rubani husali kila safari, na abiria wote wafumbe macho. Anajua nini ambacho hawaambii? Shangazi akaacha kupukuchua. Nikaongeza kwamba watu hupimwa kwenye mizani kama magunia. Sasa ndege ikilemewa huko juu, atapunguzwa nani? Akajitazama.

Jioni mzigo ulikuwa umefunguliwa. Magoti yanamsumbua, anasema, afadhali niende mimi mwenye damu changa. Nilikataa mara mbili kwa adabu. Ya tatu nikakubali.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefua nepi zote. Nimekibusu kile kisigino kinachotazama pembeni, nikakiambia jiandae. Mama mkwe anasema naongea na miguu ya watu. Niache niongee.

Ijumaa, 8 Machi

Uchungu wa jirani ulianza alfajiri. Kufika saa tatu mtoto alikuwa amekwama. Muuguzi akaita kwa redio, watu wakafukuza mbuzi uwanjani, ndege ikatua saa nne na nusu. Tukapimwa. Uzito unatosha, tena unabaki! Machela ndani, mimi ndani, binti yangu mapajani. Nilifunga mkanda. Niliufunga kabisa!

Kisha rubani akavua kofia, akainamisha kichwa.

Jirani akapiga ukelele. Kumbe shangazi alishindwa kukaa na maneno yangu peke yake, akamsimulia yote. Alipiga kelele kwamba rubani anaaga dunia na sisi tumo. Akang'ang'ania nguzo ya mlango kwa mikono miwili, hakuna wa kumbandua. Muuguzi akambembeleza. Rubani akaapa kwamba yeye husali hata kabla ya kunywa chai. Ikawa mbaya zaidi: kumbe hata chai anaiogopa! Wingu lilikuwa linateremka mlimani. Zilipita dakika arobaini. Thelathini kati ya hizo nilikaa kimya na mkanda wangu. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma. Thelathini.

Ndipo nikasema, mbele ya uwanja mzima, kwamba yale maneno niliyatunga mimi, nilitaka kiti. Jirani akanitazama kama hanijui. Akasema haamini hata hilo. Atakwenda endapo shangazi ataketi kwanza. Uzito haukututosha wote, nikafungua mkanda, nikashuka na binti yangu. Shangazi akapanda, anatetemeka mpaka mashavu, akakaa penye joto langu. Rubani akawasha injini bila kufumba macho.

 Mama mkwe alimchukua mtoto mikononi mwangu, akatangulia nyumbani.

Jumapili, 10 Machi

Redio imeleta habari. Mama mzima. Mtoto hakuishi. Alikuwa wa kiume.

Muuguzi hakuniambia kwamba ni zile dakika arobaini. Hakuniambia pia kwamba sizo. Kisimani wanawake wanasogeza ndoo zao nikifika. Nimefua tena nepi ambazo hazikuchafuka. Nimeapa, mkono juu ya kichwa cha binti yangu: sitatamka tena neno baya juu ya ile ndege.

Alhamisi, 14 Machi

Binti yangu ametembea. Hatua nne, kwa ubavu wa mguu, kama anayekwepa miiba. Mama mkwe akapiga vigelegele peke yake. Mimi nilikuwa nautazama ule mfupa. Kila hatua unajifunza vibaya.

Fundi cherehani ngiri imemkaza tangu jana. Muuguzi anasema asipopata nafuu, kesho anaita ndege. Msindikizaji ni mkewe. Nimewapelekea uji, mzito safari hii. Kiapo nimekishika: ndege nimeisifia, rubani nimemsifia, hata sala zake nimezisifia. Mke wa fundi akafurahi, akasema kumbe mimi si mbaya kama wanavyosema.

Nikamwuliza tu, kwa upole, kama anajua kule hospitalini damu ya kumwongezea mgonjwa hutolewa kwa nani.