Shangazi Ndani ya Kifurushi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Sfax, Tunisia. Mvua. Hatimaye Si Abdelwaheb ("Si" kwetu ni "Bwana") amekubali kukagua kifurushi changu. Ndiye mkubwa wetu sisi tunaofungasha programu za Yasmini, mfumo wa kompyuta wa Linux wa watu wa hapa. Kifurushi kikipita, atatia saini ufunguo wangu wa kidijitali, nami nitapakia kazi zangu mwenyewe bila kumpigia mtu magoti. Mama ameshawatangazia majirani kwamba saini ninayo. Sikumsahihisha.

Kifurushi chenyewe ni daftari la kufungulia kwenye kivinjari. Unaandika hesabu, linakujibu papo hapo. Chuo kinalisubiri kwa hamu. Jumamosi mlango wa toleo jipya unafungwa. Kitakachobaki nje kitangoja toleo lijalo, miaka miwili. Ichrak, mfungashaji mwenzangu, naye anaiwinda saini hiyohiyo. Anasoma kanuni zote mpaka mwisho. Maskini.

Jumanne, 4 Februari

Daftari limekuja na ukoo mzima wa maktaba za JavaScript, vipande vya msimbo vya kuazima. Nimezimaliza zote ila moja, ile ya kupaka maandishi rangi. Imo kwenye faili lililobanwa: mstari mmoja mrefu usio na pumzi. Kanuni yetu inataka msimbo asilia, ule ulioandikwa na mtu ili usomwe na mtu. Nikaamuru kifurushi kijichukulie maktaba mtandaoni wakati wa kujengwa. Nilisahau kwamba kompyuta ya kujengea haina mtandao, makusudi, kwa ajili ya watu kama mimi. Kikakwama. Si Abdelwaheb aliona.

Kuusaka msimbo asilia? Kazi ya punda. Nimelipitisha faili kwenye programu ya kunyoosha mistari. Likapanuka, likapendeza. Nikaliita asilia, nikalituma. Nimekula brik mbili, sambusa zetu za yai, kujipongeza.

Jumatano, 5 Februari

Limerudi. Si Abdelwaheb ameandika: "Mwanangu, ni mwandishi gani huyu anayeita kila kitu kwa herufi moja? Hata mbuzi wana majina."

Kweli, kubana hufuta majina. Kila kigeu kwenye msimbo kilikuwa a, b au c. Basi, nahitaji majina, tena mengi. Wakati wa chakula nikamwomba mama anitajie shangazi zangu wote, na shangazi za marehemu baba pia. Akatua kijiko. Machozi yakamlengalenga. Akasema alijua ipo siku nitaikumbuka familia.

Ichrak ameuliza mbele ya kundi zima kama nimetafuta kwanza kwenye hazina yetu ya vifurushi. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Februari

Nimemaliza! Kila herufi sasa ni shangazi. Mabrouka anahesabu mistari. Beya anachagua rangi. Douja ni kweli au uongo. Hata Mannoubia amepata kazi. Nimeongeza na maelezo ya mwandishi, yenye uchovu kidogo, kama ya mtu aliyekesha. Macho yananiuma lakini roho imetulia. Nimetuma.

Mama amewapigia simu shangazi. Ameshawishika kwamba nimewaulizia kwa sababu ya harusi yangu. Sikumsahihisha.

Jumamosi, 8 Februari

Asubuhi tulikutana mkahawani, mimi, Si Abdelwaheb na Ichrak. Ichrak alikuwa na kompyuta yake wazi kwenye msimbo wangu. Aliuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Kaka Lamjed, huyu Mannoubia anapokea nini, na kwa nini kila mara anamrudisha Beya?"

Nikasema hayo amuulize mwandishi. Akasema ameshamuuliza. Mwandishi ni bwana mmoja wa Ureno, hamjui Beya. Kisha akasema msimbo asilia wa maktaba yenyewe umo kwenye hazina yetu tangu mwaka juzi, umefungashwa vizuri, kwa jina lake lilelile. Aliyeufungasha ni yeye, Ichrak. Ningeandika mstari mmoja tu: daftari linaitegemea maktaba ile. Basi.

"Kuuliza si ujinga, kaka," akasema.

Si Abdelwaheb hakucheka. Ningefurahi kama angecheka. Alimwambia Ichrak aandike ule mstari. Akauandika kabla kahawa yangu haijapoa, na daftari likaingia kabla mlango haujafungwa, Ichrak akiandikwa mlezi wake, mwenye kulitunza. Saini akapewa papo hapo. Mimi nimeambiwa nijaribu toleo lijalo. Iliniuma. Nilitazama barabara mpaka wakaondoka.

Nyumbani nikakuta viatu vya wanawake vimejaa mlangoni. Mabrouka, Beya, Douja na wenzao, na sinia ya baklawa, vitamu vya sherehe. Wakaniuliza bibi harusi yuko wapi.

Jumapili, 9 Februari

Baklawa bado ipo. Nimetafakari sana na nimeliona kosa. Shangazi walikuwa wachache, majina yakajirudia, ndipo Ichrak akashtuka.

Nimepata programu mpya, ya ramani. Ina faili moja lililobanwa. Kutafuta kwenye hazina ni kwa wasiojiamini. Nimemwomba mama anitajie wajomba.