Protini Iliyonivua Uenyekiti

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Sayansi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekaa vizuri kitini, kwani mimi ninayekuandikia nimeondolewa kwenye changu, na aliyeniondoa ni gazeti lako.

Mimi ni fundi cherehani, nashona suti za kiume. Hadi mwezi uliopita nilikuwa pia Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kugawa Chama, katika chama chetu cha mafundi. Tulikuwa na ukumbi mmoja, ghorofani, juu ya duka la vioo. Cherehani zilibanana mno. Fundi akivuta uzi, kiwiko kinamwingia jirani mbavuni. Tukakubaliana tuwe karakana mbili: ya suti ibaki pale juu, ya magauni na sare ihamie jengo jipya mkabala na shule. Ikaundwa kamati ya muda, mimi nikawa mwenyekiti. Mama Vifungo akachaguliwa kuongoza karakana mpya. Mama Vifungo ni mke wangu. Hayo yalifanyika miaka sita iliyopita.

Usidhani tulilala. Mwaka wa kwanza haukwisha kabla hatujagawa cherehani, pasi, meza za kukatia na majina ya wanachama. Tukatundika pazia katikati ya ukumbi, huku karakana ya kwanza, kule ya pili. Kilichobaki ni kuhama tu, na kuhama, kwa maoni yangu, ni jambo linalotaka utulivu. Basi tukawa tumegawanyika bila kugawanyika: mihuri miwili, zamu mbili za usafi, na choo kimoja ambacho ufunguo wake niliutunza mimi, kwa sababu kamati ya muda ndiyo pekee isiyokuwa na upande.

Ndipo ukachapisha makala ile. Mwandishi wake ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, na koti jeupe analovaa maabara nilimshonea mimi. Asante ya punda tunaijua.

Makala inasema seli inapojiandaa kugawanyika, kuna protini inayoongezeka kidogo kidogo, na ikifikia kiasi, inaipa seli amri ya kuanza. Hapo sina ugomvi. Huo ni uongozi. Lakini inaendelea kusema kwamba kazi ikishafika mahali pake, protini hiyo hiyo hubandikwa alama, hupelekwa kwenye mtambo mdogo ndani ya seli, na huko huvunjwavunjwa. Isipoondolewa, seli hukwama. Urithi wake umeshakwenda pande mbili, lakini yenyewe inashindwa kuwa mbili. Inabaki hivyo, imevimba, si moja si mbili.

Mama Vifungo aliisoma kwa sauti kwenye mkutano mkuu. Mimi mwenyewe ndiye niliyewanyamazisha watu ili wapate elimu. Alipofika kwenye "si moja si mbili," ukumbi mzima uligeuka ukatazama pazia. Kisha ukanitazama mimi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Lugha. "Huvunjwavunjwa," Mhariri, kwa mtumishi aliyeanzisha kazi yenyewe! Mlishindwa nini kuandika "hustaafishwa kwa heshima"? Nimeisoma makala yote nikitafuta hafla ya kuiaga hiyo protini, hata hotuba fupi. Hakuna.

2. Protini haikusikilizwa. Hakuna mahali panaposema iliitwa ikajieleza. Badala yake makala inafafanua kwamba alama moja haitoshi, lazima zibandikwe kadhaa, zishikane kama mnyororo. Jambo hili wenzangu walilipokea kwa moyo wote. Tuna vile vikaratasi vya vipimo tunavyobana kwa pini kwenye nguo za wateja. Wa kwanza kusimama alikuwa mweka hazina, tunamwita Bwana Pindo, mtu ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuwa wa kwanza kwa jambo lolote isipokuwa chai. Akabana kikaratasi kwenye ukosi wa koti langu. Wakafuata wengine, kwa mstari, kwa adabu, mmoja akiniomba radhi kwa kunichoma. Wa mwisho alikuwa mke wangu. Alivinyoosha kwanza vya wenzake vilivyokaa upande, kisha akabana chake.

3. Mmetoa hoja nzuri halafu mkaiharibu. Makala hiyo hiyo inakiri kwamba seli haina papara: kuna walinzi wanaozuia alama zisibandikwe mpaka kila uzi wa urithi uwe umeshikwa sawasawa. Nilisimama na vikaratasi vyangu nikawaambia wanachama kwamba mimi ndiye huyo mlinzi. Nikampigia mpwa wangu simu mbele yao, nikaweka spika, nikamwuliza kama ni kweli seli hungoja.

"Ni kweli, mjomba," akasema. "Hungoja mpaka uzi wa mwisho ushike. Kwenu uzi wa mwisho ulishika lini?"

Mama Vifungo akawahi kunijibia.

"Mwaka alioanza kitinda mimba wetu darasa la kwanza," akasema. "Sasa yuko la sita."

Watu hawakucheka. Ningefurahi kama wangecheka.

4. Mmewatisha viongozi wapole. Makala inataja protini nyingine, ambayo kazi yake ni kuushika mkasi usikate kamba zinazofunga nyuzi pacha. Nayo, eti, huvunjwa ili mkasi ufanye kazi. Makamu wangu, Mzee Kufuli, ndiye aliyekuwa na funguo za jengo jipya. Ni mtu wa moyo mwepesi. Aliposikia hivyo alizitoa mfukoni akaziweka mezani, kabla hata hajaguswa na pini. Huo si uamuzi, Mhariri, huo ni mshtuko uliosababishwa na vyombo vya habari.

5. Mnahatarisha jamii. Leo ni mimi. Kesho itafuata Kamati ya Muda ya Mtaro wa mtaa wetu, ambayo niliikuta nikiwa kapera. Keshokutwa atafuatwa kaimu mlezi wa kwaya, ambaye amekaimu mpaka sauti ikamkauka. Halafu mtamgeukia shemeji yangu, aliyekuja kwetu kuhudhuria harusi, na maharusi wenyewe sasa wana wajukuu. Kila aliyemaliza kazi yake akiondolewa, tutabaki na nini? Tutabaki na kazi zilizokwisha, na hakuna hata mtu mmoja wa kuzisimamia.

Wiki ile ile walihama. Ilichukua alasiri moja, Mhariri. Jambo nililoliandalia utulivu kwa miaka yote hiyo lilibebwa kwa mikokoteni na gari moja la mizigo, watu wanataniana ngazini. Mimi nilisimama dirishani nikiwa nimeshika pasi ambayo hakuna aliyeniomba. Ukumbi sasa ni mpana hata naisikia cherehani yangu ikinijibu kutoka ukutani. Mke wangu anatoka asubuhi na mapema, anarudi akiimba chini chini, na nikimuuliza habari za huko ananiambia niende nikajionee. Sijaenda. Mtu hawezi kwenda kama mgeni mahali ambapo angepaswa kupafungua.

Kwa hiyo naomba mchapishe masahihisho, yakieleza kwamba protini inayoanzisha mgawanyiko iongezewe muda, na muda huo ukiisha ibaki ndani ya seli kama mshauri. Hili nililipeleka pia kwa mpwa wangu. Akaniambia vipande vya protini iliyovunjwa havitupwi, hutumika kujengea protini nyingine. Nikamwuliza kama vipande hivyo hubaki na cheo. Akasema, "Mjomba, niko kazini."

Nisalimie wachapaji wako, mchora katuni, mlinzi wa getini na yule dada wa mapokezi aliyenisikiliza kwa simu mpaka salio langu likaisha. Msalimie hata mpwa wangu. Mwambie koti likimbana mabegani alilete; ugomvi wa sayansi hauingii kwenye nguo.

Ndimi, katika kuyadumisha yote ya muda,

Mwenyekiti wa Kudumu (aliyevunjwavunjwa),
Kamati ya Muda ya Kugawa Chama.

N.B. Barua hii imechelewa kufika posta, na sababu ni kwamba nilikwenda kule karakana mpya. Nilikwenda kulalamika. Nilimkuta mke wangu kwenye meza ya kukatia, kando ya dirisha, amefungua mikono yake miwili kadiri inavyofika na kiwiko chake hakimgusi jirani. Sikuwahi kumwona akikata kitambaa hivyo. Nikasimama tu. Baadaye akasema bila kuinua macho, "Usisimame mlangoni, unaniziba mwanga. Kaa pale, kuna kola zinangoja."

Nikakaa. Siku hizi kila alasiri nashona kola za sare, sina cheo chochote, na kusema kweli mkono wangu kwenye kola haujapotea. Shida ni moja. Kuna Kamati ya Sherehe ya Ufunguzi, iliyoundwa kwa shughuli ya siku moja. Utepe umeshakatwa, keki imeshaliwa, na huu ni mwezi wa pili mwenyekiti wake, Bwana Pindo, anaitisha vikao kwenye meza yangu ya kola. Anasema mambo bado yanataka utulivu.

Kwa hiyo masahihisho usiyachapishe. Irudie ile makala yote kama ilivyokuwa, ukurasa wa mbele ikiwezekana, na neno "huvunjwavunjwa" likolezwe wino. Mhusika haoni vizuri vitu vya karibu, kwa hiyo herufi ziwe kubwa.