Maji Yatajaa Saa Kumi

Jumatatu, 4 Machi

Profesa katuita ofisini, mimi na Desimali. Nafasi ya utafiti baada ya uzamivu ni moja: miaka miwili ya kutengeneza modeli ya mafuriko ya pwani, meza yako mwenyewe, dirisha. Sisi ni wawili. Huyu Desimali hata ukimuuliza hali atakujibu kwa nukta na sehemu za mia. Namchukia. Tena ananisalimia vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Alhamisi ni bamvua, bahari itajaa kupita kawaida. Profesa anataka kila mmoja atabiri maji yatafika wapi kwenye ukuta wa ghala la zamani pale ufukweni, kisha awaalike wajumbe wa kamati, kwa saa anayoona inafaa, waje kushuhudia. Atakayekaribia ukweli ndiye atakayepewa nafasi.

Nikikosa, nimekwisha. Nitaendelea kulala sebuleni kwa dada. Mtu mwenye shahada ya uzamivu anangoja watoto wamalize katuni ndipo atandike godoro! Na mama keshatangaza kwa majirani kwamba daktari wake kapata kazi. Wameanza kuniulizia dawa ya magoti.

Jumanne, 5 Machi

Modeli imetii! Jana ilikuwa inazamisha mlima na kuacha bandari kavu. Kumbe niliweka alama ya kutoa mahali pa kujumlisha. Leo imetoa jibu la heshima: pale ghalani maji yatafika kiunoni, kilele 10:00.

Nikawaandikia wajumbe papo hapo. Karibuni ghalani Alhamisi, maji yatajaa saa kumi.

Halafu nikapata wazo. Desimali ataleta karatasi yenye tarakimu. Mimi nitaleta ukuta! Nimenunua rangi ya mafuta, nimekwenda ghalani, nimechora mstari mwekundu pale pale maji yatakapofika. Mnene, wa kujiamini. Nimerudi na kidoti cha rangi puani, dada kadhani nimepigana.

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Nilijifanya naokota kalamu nyuma ya kiti cha Desimali, nikachungulia. Maji yake yako chini ya yangu kwa shubiri nzima! Roho ikaruka. Desimali hakosei. Basi nimekosea mimi, na nimekosea kwa rangi ya mafuta.

Mbio hadi ghalani na brashi ya waya. Nia: nifute, nichore upya, chini kidogo, jirani na wake. Nikasugua mpaka mkono ukafa ganzi. Wapi! Muuza rangi alisema haitoki, na kwa bahati mbaya ni mtu mkweli.

Narudi, nakutana na Desimali kwenye ngazi. Akaniuliza, kwa upole wa kutilia shaka, kama nina hakika na saa kumi. Nikamwambia hakika tupu. Akasema yeye kawaalika wajumbe saa nne asubuhi. Saa nne! Kutoka maji kupwa hadi maji kujaa ni kama saa sita, mtoto wa shule anajua. Saa nne wataangalia kaa wakiota jua. Nikataka kumwonya. Nikajizuia. Mtu akijichimbia shimo, usimnyang'anye jembe.

Alhamisi, 7 Machi



Asubuhi nilimwomba shemeji gari lake. Shemeji ni fundi wa friji, na gari hilo analipangusa kuliko anavyowapangusa wanawe. Nikaliegesha chini ya mstari wangu kabisa, kushika nafasi, wajumbe wanaokuja kwa Desimali wasije wakasimama pale kabla ya saa yangu. Saa nane ningeliondoa. Hila safi! Nikaenda ofisini kuchapisha ramani ya rangi.

Saa nne na ushei, simu. Shemeji. Mtu kasoma namba yake ya simu ubavuni mwa gari akampigia. Anapiga kelele kwamba gari linaogelea. Nikamtuliza. Nikamwambia haiwezekani, shemeji, bahari inakuja saa kumi. Akaniuliza kama hiyo bahari nayo niliiandikia.

Nikatazama skrini, pale modeli ilipoandika saa ya kilele. 10:00. Mashine huanza kuhesabu usiku wa manane! 10:00 yake ni saa nne yetu. Tofauti ni saa sita, na saa sita ndizo zinazotenganisha maji kujaa na maji kupwa. Mtu mwingine angekosea kidogo. Mimi nimekosea kikamilifu.

Nilikimbia. Wajumbe wote wapo, Profesa kakunja suruali, Desimali kashika kalamu. Gari la shemeji limo majini hadi kwenye vitasa vya milango. Nilisimama pale nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Ijumaa, 8 Machi

Dada hasemi nami. Shemeji anasema, na afadhali angekuwa kama dada. Viti vya gari vimeanikwa sebuleni, juu ya godoro langu. Nimelala kwenye kiti cha mbao, au niseme nimekikalia.

Mchana Profesa kapiga simu. Nikapokea nimefumba macho. Kasema alikwenda ghalani na futi kupima matope kwenye mlango wa gari. Yako sawasawa na mstari mwekundu! Desimali kapungukiwa shubiri nzima. Kasema modeli yangu ina akili kuliko mwenyewe, lakini kazi ni ya modeli, kwa hiyo jina langu linakwenda kwa mkuu wa idara.

Nilijua tangu mwanzo. Sikuyumba hata siku moja.

Desimali kanipongeza. Kanipa na ushauri, eti ninunue saa ya mkononi. Wivu huo.

Jumapili, 10 Machi

Ujumbe kutoka kwa karani wa idara. Kesho, ofisi ya mkuu, kutia saini mkataba, saa 2:00 kamili. Nije nimeshakunywa chai. Mkuu anasafiri saa 6:00, na nisipotokea kabla hajaondoka, nafasi ni ya Desimali.

Mtu mwingine angeingia mtegoni. Si mimi! Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nimekaa, nimepiga hesabu mara mbili. 2:00, jumlisha sita: saa nane mchana. Mkuu anaondoka 6:00, jumlisha sita: saa kumi na mbili jioni. Muda tele. Hiyo chai tu ndiyo sikuielewa. Nani huagizwa chai kabla ya saa nane mchana? Makarani nao wana mambo yao.

Dada kaanza kusema nami. Kaniuliza aniamshe alfajiri pamoja na watoto wa shule. Nimecheka. Nimemwambia wapite kimya kimya. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nimetulia, na kesho daktari atalala mpaka saa nne.