Kadi Kumi na Saba Zilizozikwa Simi-Simi

Waheshimiwa wakuu wa mitaa, Baba Padri, Sheikh wetu, Mama Mwenyekiti wa wauza vitenge, papa na mama wote, kila mmoja kwa vyeo vyake, hata vile ambavyo bado havijatangazwa:

Mimi, Augustin Lukumani, Mkurugenzi Mkuu wa Mradi wa Kusafisha Majina ya Wadaiwa wa Kadi, nasimama mbele yenu, yaani nakaa, maana daktari ameukataza moyo wangu kusimama (kicheko kidogo), nitoe ripoti ya miaka mitatu ya mafanikio ambayo Kisangani haijawahi kuyaona. (Makofi.)

Mnakumbuka benki ilivyogawa kadi za mkopo, watu wakanunua, tarehe ya kulipa ikapita, majina yakaingia kwenye orodha ya wasiokopesheka. Ndipo mradi, kwa mkakati shirikishi wa kimuundo, ulipokusanya kadi kumi na saba, sawa na asilimia mia moja ya kadi zilizokusanywa (makofi), tukazikata, tukazizika pale Simi-Simi, kando ya uwanja wa ndege, kwa heshima zote, na kabla ya kufukia, kama ilivyo desturi ya mazishi, nikauliza mara tatu kama yupo anayemdai marehemu. Hakuna aliyejibu. Benki haikualikwa. (Makofi marefu.) Kila mfiwa alilipa dola thelathini, akapewa cheti chenye muhuri.

Naona Mama Safiya wa vitenge ameinuka. Anasema kesho asubuhi anasaini kwa tajiri wa jumla kuchukua mzigo wa vitenge, nyumba yake ikiwa dhamana, naye ataulipa kwa mkopo ambao benki haitamnyima, kwa kuwa ana cheti.

“Papa Mkurugenzi, jina yangu iko safi? Sema tu, nisaini.”

Ni swali la kiufundi. Kwanza kaulimbiu. Deni! (Limekufa!) Jina! (Safi!)

Mama Safiya, usisaini. Deni lako la dola mia nne, nikipiga hesabu ya riba, limepita mia saba, kwa sababu halikupata habari kwamba limezikwa. Nenda benki mwenyewe, omba kulipa kidogo kidogo, dai karatasi ya kila malipo. Jina hurudi hivyo, tena polepole.

Nawashukuru wafadhili ambao hawakuwepo, watumishi wa ofisi ambayo haikufunguliwa, na ninyi mlioulipia mradi ambao, tangu mwanzo, ulikuwa mimi, jembe na muhuri niliouchonga kwa soli ya kandambili. Asanteni.

(Hakuna makofi. Mama Safiya amekaa tena, anauliza: “Kule benki ni dirisha gani, Papa?”)